Hamsini na Saba

Kichwa chako nakijua, Nkwabi.
Hamsini na saba, kamba ikipita juu ya masikio.
Niliiandika kwa chaki ya bluu ukutani
ulipotaka kofia ya harusi ya mdogo wako,
nawe ukacheka: kichwa cha mtu wa reli
lazima kiwe kikubwa, kimebeba ratiba.

Leo Kapaya, kijana wa chumba cha picha,
ananionyesha kichwa kile kile kwa ndani,
kimekatwa vipande kama boflo
bila tone la damu.
Anasogeza kidole, tunashuka:
paji, matundu ya macho,
mfupa mweupe kama ukingo wa bakuli,
kisha hapo, kulia, nyuma kidogo ya sikio,
kitu ambacho sikukipima.

"Kwanza tunatafuta kilipo kirefu," anasema,
anavuta mstari wa njano.
"Halafu tunaukatiza."
Thelathini na moja kwa ishirini na sita.
Milimita.
Mimi fundi cherehani wa Isevya, najua milimita thelathini:
ni upindo wa sketi ya shule.
Upindo wa sketi ndio unaokufanya
utaje vituo hadi Kigoma na kuiruka Usoke.

Karatasi ya mwezi wa tatu inasema ishirini na nane.
Naona macho ya Kapaya yakitoa, yakijumlisha.
"Ngoja," namwambia. "Ile nyingine alipima nani?"
"Daktari Nyamizi."
"Basi ipime wewe. Mkono mmoja, picha zote mbili."

Maana mafundi wawili wakipima kiuno kimoja
hupishana kidole kizima,
na mwenye kiuno hajala hata tonge.
Ananitazama kama mtu aliyekuta mlango
kwenye ukuta wa nyumba yake.
Anaifungua ya zamani. Anavuta. Anafuta. Anavuta tena.
Thelathini.

"Imeongezeka moja," anasema,
kisha, kwa sauti ndogo, "au ni mkono wangu.
Ukingo wake, mama, haujakaa sawa. Una maji pembeni."
Naelewa. Kitambaa kilichofumuka:
utaanzia uzi wa kwanza unaoning'inia,
au pale kitambaa kinapoanza kuwa kitambaa?
Watakaa madaktari, wataamua.
Picha nyingine baada ya wiki nane,
na nimemwomba Kapaya awepo yeye.
Ameandika jina lake nyuma ya bahasha.

Jioni nakukuta barazani unamenya karanga,
maganda upande huu, punje upande huu,
mara nyingine unachanganya.
Sisemi kitu. Natoa kamba shingoni,
nakuzungushia juu ya masikio.
"Imeongezeka?" unauliza.
Hamsini na saba. Pale pale.
Kwa nje hakuna aliyegusa kitu.

Nakata kofia mpya usiku huo, kitambaa cha kijivu,
na ndani ya mshono naacha akiba,
pana kuliko ninavyomwachia mteja yeyote,
ya kufumulia au ya kubana,
sijui.
Treni ya Mpanda inapiga honi, imechelewa.
Unainua kichwa, unaanza:
Urambo, Kaliua, Usinge…
"Usoke," nasema, pini mdomoni.
"Usoke," unasema. "Ndiyo. Usoke kwanza."