Mbili kwa Kumi

Sindre kaja na karatasi ya visanduku:
je, lugha hii ina ngeli za vitu? Ina urithi?
Huficha ya ndani, kama yai kiini chake?
Ukiviambia vyote "lia,"
kengele italia kikengele, mtoto kitoto?
Tiki. Tiki. Msalaba.

Nje, Trondheim inafukiwa na theluji.
Ragnfrid anamenya chungwa. Hasemi.

Lugha yake imepata mbili kwa kumi.
Haijui mzazi wala mwana,
ni namba tu na mistari,
na kwa mistari hiyo, tangu mumewe angali hai,
makreti ya samaki yamehesabiwa gatini
bila kupotea hata moja —
haya, moja. Alilisaka usiku kucha,
akalikuta limejificha nyuma ya mkato.

"Urithi," anasema, akifuta vidole.
"Mama aliniachia nyumba.
Nikarithi na paa linalovuja,
na kesi ya mpaka na jirani.
Hakuna aliyeniuliza nachagua kipi."

Sindre anacheka,
halafu hacheki.

Mimi, mwandishi wa kumbukumbu za kikao,
niliyelelewa na lugha yenye ngeli,
ambamo kikombe kikivunjika
kinavunjika hadi ndani ya kitenzi,
nilitaka kusema ngeli ni tamu,
ila sijaona ngeli ikihesabu samaki.
Sikusema. Nikaandika: uamuzi, wiki ijayo.

Ragnfrid akatugawia chungwa.
Vipande tisa, watu wanne.
Kimoja kikabaki juu ya ile karatasi,
kikilowesha kisanduku cha urithi.