Jalada Bila Santuri

Nililipata Ilala, kwa muuza pasi mbovu,
elfu nne, akaniongeza na soketi.
Jalada: vijana saba wa Keko Jazi
wamejipanga mbele ya Pijo isiyo yao,
bugaluu, raizoni, afro zimechanwa zikachanika.
Wa tatu kafumba macho. Jua hilo, au kope tu.
Pembeni, kwa kalamu ya wino:
*Mali ya Zubeda Mfaume, Magomeni Mapipa.
Ukiazima rudisha. Mungu anakuona.*

Ndani, mahubiri ya Kijerumani.

Miaka sita naulizia,
Gerezani, Tandika, Mtaa wa Kongo,
hadi Hidaya, fundi cherehani wa Mchikichini,
akasema bila kuinua mguu kwenye pedeli:
"Ninayo. Nimeivika gazeti."
Hauzi.
Na mimi siuzi.

Basi kila Jumamosi, umeme ukiwepo,
nafika na jalada kwapani.
Yeye anaipangusa santuri kwa kipande cha kanga,
sindano inashuka, inakaanga vitumbua kidogo,
ndipo gitaa linaingia.
Upande wa pili una mkwaruzo:
mwimbaji anakwama, *nirudi, nirudi, nirudi,*
mpaka Hidaya amsukume kwa kidole.

Ikiisha, tunaitia jaladani mwake
kwa muda wa kahawa. Hatusemi kitu.
Kikombe kikikauka anaichomoa,
anairudisha gazetini,
nami naondoka na vijana wangu saba, wepesi.

Zubeda hatujamtafuta.
Tunaogopa yuko hai.