Shonde la Dagny

Helmeti kumi na tisa zimepitwa na wakati.
Mkaguzi aligonga kila moja kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni,
akabandika karatasi nyekundu, akaenda zake.
Mpya ni dola mia nne, moja.
Mimi ndiye mweka hazina. Nikafungua kopo la kahawa:
dola mia mbili na sita, na kifungo cha koti.

Tulikutana kituo cha zimamoto.
Tuoshe magari, alisema Thora.
Mwaka jana tuliosha. Mvua ikanyesha.
Yalikuja magari manne, na moja lilikuwa langu.
Keki, basi? Lakini keki zote za mji huu
huokwa na wanawake walewale sita
na kununuliwa na waume zao.
Haba na haba, ndiyo,
ila kibaba chetu kina tundu.

Kocha Lindvig, ambaye hufundisha jiometri asubuhi
na jioni hufundisha vijana kuangukiana,
alikuwa kimya hadi chai ikapoa.
"Uwanja tunao," alisema. "Wilmer ana ng'ombe."

Tukachora uwanja kwa chokaa, miraba mia nane,
kila mraba dola kumi.
Atakaposhusha mzigo wake ng'ombe,
mwenye mraba huo anachukua nusu ya pesa.
Nusu ya pili ni ya vichwa vya watoto.

Mji una watu mia sita na kumi na mmoja.
Ottilie mjane alinunua mraba kwa kila marehemu wake,
akasema wao nao walipenda mpira.

Jumamosi, saa saba mchana, Dagny akafunguliwa.
Akatutazama.
Saa nane akala majani ya mstari wa yadi thelathini.
Saa tisa akasimama katikati
kama refa aliyesahau filimbi nyumbani.
Soseji zikaisha. Limau zikaisha.
Tangu uwanja ujengwe, majukwaa hayakuwahi kujaa vile,
na vijana wenyewe, wenye mabega kama milango,
walichuchumaa pembeni wakimbembeleza:
"Mama, tafadhali. Mama, kidogo tu."

Saa kumi na moja kasoro dakika chache, mkia ukainuka.
Watu mia sita tukashika pumzi.
Likaanguka juu ya mstari, katikati kabisa,
huku mia tatu na kumi na mbili, mraba wa Gaylord Stromme,
kule mia tatu na kumi na tatu, wa Ansgar Bekkum,
ambao hawajasemezana miaka kumi na moja
kwa sababu ya mfereji wa Gaylord
unaomwaga maji kwenye ngano ya Ansgar.

Kocha akatoa utepe wa kupimia.
"Shika hapa. Na wewe, pale."
Wazee wawili wakainama juu ya shonde linalofuka mvuke.
"Inchi tano," akasema Gaylord.
"Tano na robo," akasema Ansgar.
"Pima tena."
Wakapima tena.

Tuligawa sawa, dola elfu mbili kila mmoja.
Gaylord alizirudisha papo hapo, hata kofia hakuvua.
Ansgar alizihesabu mara mbili mbele ya watu,
akazitia mfukoni, akaenda nyumbani.
Tulimsema kanisani. Nami nilimsema, sitadanganya.

Septemba, nikienda kuchukua mayai, niliona
udongo mbichi kando ya uzio wao,
na bomba jipya, jeusi, refu,
likipitisha maji ya Gaylord chini ya ngano
hadi kijito cha kaunti.
Hakuna aliyeniambia nani alilipia.
Sikuuliza.

Daftarini, safu ya mapato, niliandika: Ng'ombe.
Safu ya matumizi: helmeti kumi na tano.
Uwanjani huingia kumi na mmoja tu, alisema kocha,
hesabu hiyo hata sisi tunaimudu.

Mchezo wa kwanza tulifungwa. Idadi siiandiki.
Mwanangu Torvald ni wa kumi na sita.
Alikaa benchi kichwa wazi, masikio mekundu kwa baridi,
mpaka mtoto wa Stromme akatoka akichechemea,
akaivua yake, akamtupia.
Torvald akaivaa hivyo hivyo, jasho la mwenzake na yote,
akakimbia upande usio wake,
wakamwita, akageuka.