Ndege ya Karatasi

Chukua. Zilikuwa nane, sasa ni saba na nusu,
ile ya chini kushoto ilimwagikiwa chai.
Zibandike ukutani kwa uji wa unga wa mihogo,
gundi ya dukani hubanduka mvua za Desemba zikianza.
Weka kiti mbele. Kiti kigumu.
Hii ndiyo ndege watakayokupa kwanza.

Ulidhani utapewa funguo?
Mimi pia. Siku niliyotia sahihi mkataba
nilizunguka Kamalondo na shati jeupe mchana kutwa,
mama akaita majirani, kuku akachinjwa,
kesho yake nikakabidhiwa kitabu kizito kuliko yule kuku
na wiki tatu za kukimaliza.

Utasoma mafuta yanavyotoka bawani hadi kwenye injini,
umeme unavyogawanywa ukipungua,
nani anyimwe kwanza, nani asinyimwe kamwe.
Hilo sisi wa Lubumbashi tulizaliwa nalo:
friji huzimwa, taa ya mgonjwa hubaki.

Kuna mistari michache ya kukariri,
ya moto, ya moshi, ya hewa kuponyoka.
Hiyo haisomwi popote, kwa sababu siku yake
hutakuwa na jicho la kusomea.
Niliisema nikifua, niliisema nikisonga bukari,
niliisema kanisani padri aliponyamaza,
bibi wa benchi la mbele akageuka kunitazama.

Mdogo wangu Kyungu, miaka tisa, ndiye aliyekuwa komanda.
Aliketi kushoto juu ya ndoo iliyopinduliwa
akisoma orodha kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.
Breki? Zimefungwa.
Mafuta? Yanatosha.
Milango? Imefungwa.
Umekula?
Nikamwambia hilo halimo.
Akasema kwenye ndege yake limo.

Pale juu, kwenye mpini wa moto, utaona tundu.
Ni la msumari wa picha ya baba, dereva wa treni za shaba.
Sikutaka kuung'oa. Nilibandika karatasi juu yake,
na kila nilipozima injini inayowaka
kidole kiligusa chuma cha kweli.

Baadaye watakupeleka Johanesbagi, kwenye sanduku
lililosimama kwa miguu sita kama mdudu.
Utaingia saa nane za usiku, saa ambazo bei hushuka.
Humo hakuna safari, kuna kuharibikiwa tu.
Unapaa, injini inakufa. Unapaa, inakufa ya pili.
Ukitua mzima hakuna wa kukupongeza:
mwalimu anabonyeza kitufe, dunia inarudi nyuma,
anakuua upya.

Usiku wa tatu nilivuta mpini usio wake.
Nikazima injini nzima, nikaiacha inayoungua.
Ukimya ule sitausahau.
Mwalimu, mama mfupi aitwaye Mokwena, hakupaza sauti.
Aliuliza tu: "Nani alikuharakisha?"
Sikuwa na jina la kumtajia.

Kwa hiyo, kengele ikilia, kalia mikono yako kwanza.
Pumzi moja. Halafu mpini.

Ndege yenyewe nilipanda Septemba, hapa Luano,
nyika zinachomwa, moshi umelala juu ya vichuguu,
vumbi jekundu kwenye viatu nilivyong'arisha mara mbili.
Sanduku lilitikisika vizuri zaidi, nisikufiche.
Lakini sanduku halikuwa na mtoto anayelia nyuma,
wala mama anayembembeleza kwa Kibemba.
Tulisoma orodha mpaka mwisho. Komanda Kaumba akanyamaza,
mkono wake tayari kwenye mipini,
nami nikajikuta nasema, "Nimekula."
"Nini?"
"Hakuna kitu, Komanda."
Tukaondoka.

Basi, karatasi ni zako.
Ukipata ya kuziba ile nusu, ichore mwenyewe,
vitufe vya taa za kutulia, safu mbili, usikosee safu.
Kyungu sasa ana miaka kumi na mmoja,
anakodishwa kwa soda moja kwa jioni.
Mwite mapema. Jumamosi ana mechi.