Taarifa kwa Nyumba Saba

Karatasi imetoka kata, ina muhuri,
kona moja imelowa kabla mvua haijaanza.
Novemba mpaka Aprili, inasema,
mvua za wastani hadi juu ya wastani,
ngurumo na upepo mkali nyakati za jioni,
joto kushuka chini ya kawaida,
wakazi wa mabondeni na kandokando ya ziwa
wachukue tahadhari.

Mimi ni balozi wa nyumba kumi hapa Kibirizi.
Cheo kimebaki vilevile. Nyumba zimebaki saba.
Ya Hamenya tuliing'oa milango usiku, kwa tochi,
ya pili ilijing'oa yenyewe,
ya tatu bado ipo: ukipiga kasia juu yake
utayaona mabati yamelala mchangani,
na kuhe mmoja mnene anaingia dirishani
kama aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Nikaanzia kwa Sikudhani.
Alikuwa anaanua dagaa, anashindana na wingu,
mikono imejaa magamba mpaka viwikoni.
"Soma," akasema, hakugeuka.
Nikasoma. Nilipofika kwenye wastani akanyoosha mgongo.
"Huyo Wastani anakaa mtaa gani?
Kila mwaka mnasema mvua iko juu yake
na hajaja hata siku moja kulalamika."

Nimeishia darasa la saba,
wastani ninaoujua ni wa mitihani.
Nikajaribu: unachukua mvua za miaka thelathini,
unazijumlisha, halafu unazigawa.
"Mnazigawa kwa nani?
Sisi huku tunapewa zote."

Dirishani palikuwa na chupa ya mawese.
Juu mekundu, yanacheza;
chini yameganda, rangi ya boga,
na ubavuni mistari ya mkaa, mmoja kila asubuhi,
kila mmoja umepanda kidogo kuliko wa jana.
"Baridi hiyo," akasema, "chupa imeshanitangazia.
Bila muhuri."

Nilitaka kucheka, nikakiona kitanda.
Kila mguu juu ya matofali manne.
Vyeti vya watoto ndani ya mfuko wa nailoni,
vimening'inia kwenye kenchi kama nyama ya kukausha.
Kuku mmoja tu. Wengine, akasema,
wamekwenda kwa dada yake, Mwandiga, mlimani,
wao wana pa kwenda.

"Baba yangu aliniita Sikudhani
kwa sababu maji yalikuja usiku niliozaliwa
na hakuna aliyedhani.
Sasa mna mitambo, mnadhani mapema.
Vizuri.
Hebu angalia hapo chini ya muhuri,
wameandika siku gani?"

Nikaangalia. Nikageuza karatasi.
Nyuma palikuwa peupe,
na alama ya kidole changu, ya jasho.

Nikamsaidia kuanua mkeka wa mwisho.
Tone la kwanza lilipiga turubai kama punje ya mahindi
iliyoanguka toka kwenye gunia,
kisha kimya, kisha gunia zima.

Kwa Nyabenda nilisoma nusu, radi ikamalizia.
Kwa wale vijana wa mashine ya barafu nilipiga kelele
neno moja, mabondeni, wakanionyesha dole gumba.
Nyumba ya sita walikuwa wamelala, au walijifanya.
Niliichomeka taarifa ya mdomo kwenye ufa wa mlango:
jamani, tahadhari.

Ya saba ni yangu.
Nimekaa humo miaka kumi na tisa
na usiku ule nilisimama nje, wino umeanza kulia mkononi,
nikapiga hodi.
"Nani?" mke wangu akauliza.
Sikujua nijibu mimi au nijibu kata.

Radi ikapiga upande wa Kongo.
Ziwa likaonekana lote, mara moja, jeupe,
na ile miwa yangu ya mwisho
imesimama ndani yake, magotini.

"Ni mimi," nikasema. "Leta matofali."