Kuliko Nini

Kiingereza ni lugha ya kunenepa.
Neno likitaka kumpita mwenzake
linaota mkia: tol, tola,
na likishiba kabisa, tolest.
Letu halijisumbui. Mrefu ni mrefu,
awe peke yake au katikati ya kundi;
sisi humleta mtu wa pili, tukamsimamisha kando,
tukasema: kuliko huyu.

Hayo niliwaambia Kidato cha Kwanza B, Mahuta,
Jumatatu ya Oktoba, korosho zikidondoka
na nusu ya darasa iko mashambani inaokota.
Waliokuja niliwapima kwa tepu
niliyoazima kwa Mchopa, fundi cherehani.
Sentimita kumi za mwanzo zimelika,
basi tukaanzia kumi, kisha tukatoa kumi,
tukachora chaki kwenye fremu ya mlango.
Shaweji, mia na hamsini na moja.
Likwata, mia na hamsini kasoro nusu,
na kisigino alikinyanyua, nilikiona.
"Shaweji iz tola zan Likwata," wakaitikia.
Likwata akanuna: "Bat ai em fasta."
Nikampa vema. Kununa kwa sarufi sahihi si kosa.

Kisha rekodi.
Kusimama kwa mguu mmoja: Fadhina, dakika kumi na nne,
mpaka kengele ya uji ilipomshusha.
Muhogo mrefu kuliko yote: wa bibi yake Nampota,
mita moja na kiganja,
uliletwa kama ushahidi
ukaliwa mbichi kabla ya saa nne.
Foleni ndefu kuliko zote: ya bombani,
Ijumaa iliyopita, madumu tisini na matatu.
Hiyo hawakuicheka.

Somoe Nandonde alinyoosha kidole
kile cha mtu anayeomba asionekane.
Akasema kipande kipande,
kama anayevuka mto juu ya mawe:
gunia la baba, nyumbani, kilo sabini na nne;
gunia lile lile, ghalani, sitini na tisa.
Kwa Kiingereza. Seim, akasema. Laita, akasema.
Kalamu nyekundu ilinikaukia mkononi.
Nilitafuta kosa nimsahihishe, niendelee na somo.
Sikulipata.

Jumatano tulikwenda ghalani na dumu la maji.
Lita ishirini ni kilo ishirini,
hilo ni la shule ya msingi,
na dumu lenyewe, tupu, lina kilo yake moja.
Tulilibeba kwa zamu, kila nguzo ya umeme mtu mpya,
na wanawake wa njiani walituuliza tunayauza bei gani.
Karani Chitanda akasema mizani si kitu cha kuchezea.
Nikasema tunajifunza Kiingereza.
Akacheka, akasogea pembeni.
Nani aogope Kiingereza cha watoto?
Shaweji na Likwata wakalining'iniza.
Mshale ukatetemeka, ukarudi, ukatulia:
kumi na tisa na nusu.

Wachukuzi waliokuwa wanashona magunia
waliacha sindano katikati ya mshono.
"Maji ya Mahuta," alisema karani,
"ni mepesi."

Na Somoe, safari hii bila kidole,
kwa Kiswahili, maana Kiingereza kingemchelewesha:
"Kuliko nini?"

Hakujibu. Alitafuta daftari lake
ambalo lilikuwa mbele yake.
Msimu bado una minada mitatu;
huenda jibu likapatikana, huenda akahamishwa yeye,
huenda nikahamishwa mimi.

Maji hatukuyamwaga, Mahuta hayamwagwi.
Tulirudi nayo yakapikiwa uji,
na Likwata alibeba nguzo mbili zaidi ya zamu yake
akitaka hiyo nayo iandikwe kwenye rekodi.
Nimeiandika.

Kwenye fremu ya mlango, chini kabisa,
chini hata ya alama ya Likwata,
mtu ameandika kwa chaki, bila jina: 19.5.
Wenye zamu ya usafi hufuta ubao kila jioni,
hufuta madirisha, hufuta hata kiti changu.
Pale hawagusi.