Sentensi ya Mafiga Matatu

Chuoni walitufundisha sentensi moja.
Miaka mitatu, sentensi moja:
tatizo, chanzo, ushahidi.
Mafiga, alisema mwalimu Mwaipaja,
ng'oa moja uone chungu kitakavyolala.

Tukuyu, Jumanne, mvua tangu usiku.
Ubao wa kupimia urefu una tope la watoto wa jana,
ninaufuta kwa kiganja.
Anaitwa Ambakisye, miezi kumi na tisa,
amenipokonya kalamu kabla sijaandika jina.
Mizani inasema kilo nane na nusu.
Ninatoa kanga aliyofungiwa, gramu mia mbili.
Tunaandika mtoto, hatuandiki nguo.
Urefu, sentimita sabini na sita.
Utepe wa mkono umesimama kwenye njano,
rangi isiyotaka kugombana na mtu.

"Jana alikula nini?"
"Alikula vizuri."
Kila mtoto hula vizuri swali likiulizwa mara ya kwanza.
Basi tunaanza alfajiri, polepole,
kama watu wanaotafuta sindano kwenye mkeka:
Alipoamka? Kwa kikombe kipi, hiki au kile cha bati?
Alimaliza? Nani alimlisha?
Uji wa mahindi. Ndizi.
Uji uliobaki.
Dada yake, ana miaka tisa.
Na nyumbani? Ng'ombe mmoja, kuku wanne,
parachichi zimeinamia njia.

Hapo mkono wangu ukakimbia, umezoea:
*Ulaji duni wa protini,*
*unaohusiana na mama kukosa elimu ya lishe,*
*kama inavyothibitishwa na*

Tusekile aliisoma kutoka upande wake wa meza, juu chini.
Hakukasirika. Akakunja vidole, akanihesabia
makundi yote ya vyakula, kwa mpangilio wa bango,
akamalizia na chumvi yenye madini joto,
ambayo mimi ningeisahau.
"Ninayajua maziwa, dada.
Maziwa ndiyo hayamjui mwanangu."

Ya asubuhi hutoka saa kumi na moja, mtoto yuko ndotoni,
pikipiki ya kituo haimsubiri mtu.
Ya jioni ni ada ya Lugano, kidato cha pili.
Mayai ni sabuni na mafuta ya taa.
Parachichi zilinunuliwa zingali maua.
Saa kumi na mbili yeye yuko kwenye chai ya watu,
kapu mgongoni, analipwa kwa kilo:
naye ana mizani yake.

Nikakata mstari mmoja tu juu ya maneno yangu.
Ndiyo kanuni ya faili, kosa lisomeke,
na pembeni sahihi ya aliyekosea.

Kitabu cha istilahi kina namba kwa kila upungufu.
Nimekipekua. Hakina namba ya maziwa
yanayopita mlangoni mtoto akiwa usingizini.
Na kanuni inasema, chagua chanzo unachoweza kukigusa.
Ada siigusi. Bei ya chai siigusi.
Nikaandika upya:

*Ulaji duni wa protini na mafuta,*
*unaohusiana na maziwa na mayai yote kuuzwa,*
*na mlishaji kuwa mtoto,*
*kama inavyothibitishwa na maelezo ya mlo wa jana,*
*kilo nane na gramu mia tatu, utepe wa njano.*

Mpango tuliuafikia kama watu wa sokoni.
Nilitaka vikombe viwili, akatoa kimoja,
cha jioni, kabla ndoo haijafunikwa.
Nilitaka mayai matatu kwa wiki.
Mawili, akasema, na asiniulize mtu juu ya la tatu.
Nikaandika mawili.
Arudi baada ya siku kumi na nne.

Akamfunga mgongoni kwa kanga ileile,
wakatoka, mvua ikawapokea.
Kisanduku cha Matokeo kiko wazi.
Chini yake pana mstari wa sahihi na tarehe.
Nikapapasa meza, nikapapasa mfuko wa koti,
nikainama hadi uvunguni mwa mizani.
Ameondoka nayo kalamu.